"Canter" kwa Kiswahili: hesabu vishindo kabla ya kuchagua neno

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mwalimu. Nimepewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa wahudumu wa farasi na wanafunzi wa kupanda, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Neno linalonishinda ni 'canter'. Kamusi moja inanipa 'mwendo wa kasi kidogo', nyingine inanipeleka kwenye 'shoti', mwenzangu anashauri 'mchakamchaka', na kijana mmoja niliyemsomea rasimu alidhani nazungumzia lori. Mwanzoni niliandika 'kukimbia' kila mahali, lakini nilipofika kwenye aya yenye 'trot', 'canter' na 'gallop' kwa pamoja, nikakwama. Tena juzi nimesoma habari ya mpira kwamba timu fulani 'won at a canter', na hapo hakuna farasi hata mmoja. Neno hili lina maana ngapi, na niliandikeje?"

Jibu:

Ndugu msomaji, hapo ulipokwama ndipo kazi yenyewe ilipo. Aya yenye majina matatu ya mwendo kwa mfululizo imekuonyesha kwamba "kukimbia" hakutoshi. Kama ungeendelea nalo hivyo hivyo, mwongozo wako ungemwambia mwanafunzi wa wiki ya tatu afanye jambo ambalo hata mpanda farasi wa mashindano hulifanya kwa tahadhari.

Nikupe jibu fupi kwanza ili uendelee na kazi. Katika mwongozo, andika "shoti ndogo" kwa canter, "shoti kali" kwa gallop, "mchakamchaka" kwa trot, na "kutembea" kwa walk. Kila jina ulieleze mara moja, mwanzoni, kwa idadi ya vishindo vyake, kisha usilibadilishe tena mpaka ukurasa wa mwisho. Kwenye habari ya mpira, sahau farasi: timu ilishinda kirahisi.

Sasa sababu zake, maana bila sababu utaanza kutilia shaka uamuzi huu ukifika katikati ya kitabu.

Kosa linalozaa mengine yote ni kudhani kwamba majina haya ni ngazi za kasi, kama gia za gari: polepole, kasi kidogo, kasi zaidi, kasi mno. Kasi inahusika, ndiyo. Farasi anayetembea huenda takriban kilomita 6 au 7 kwa saa, wa mchakamchaka kama 13, wa shoti ndogo kati ya 16 na 27, na wa shoti kali hufika 40 hadi 48. Lakini namba hizo hupandana. Farasi wa mbio za mchakamchaka, wale wanaovuta vigari vyepesi huko Ufaransa, Uswidi na Marekani, hupita kilomita 45 kwa saa wakiwa bado kwenye mchakamchaka, na wakibadili mwendo wakaingia shoti wanahesabiwa wamekosea. Upande wa pili, farasi aliyefunzwa michezo ya madaha anaweza kwenda shoti ndogo huku akizunguka karibu papo hapo, asisogee mbele zaidi ya mtu anayetembea. Ukitafsiri canter kwa "kasi kidogo", farasi wote hawa wawili wanakuponyoka.

Kinachotenganisha mwendo mmoja na mwingine ni mpangilio wa miguu: ipi inagusa chini pamoja, ipi inagusa peke yake, kwa zamu gani, na kama kuna nukta ambapo hakuna hata ukwato mmoja ulio ardhini. Mpanda farasi huusikia mpangilio huo kiunoni, na aliyesimama kando huusikia masikioni. Kiswahili kinatufaa sana hapa, kwa sababu silabi zetu ni wazi na zinahesabika. Gonga meza huku ukitamka maneno yafuatayo, pigo moja kwa kila silabi.

Kutembea ni "ta-ra-ti-bu, ta-ra-ti-bu". Vishindo vinne vilivyoachana sawasawa, kila mguu na wakati wake: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Wakati wote kuna miguu chini, kwa hiyo mpandaji harushwi.

Mchakamchaka ni "pu-nda, pu-nda". Vishindo viwili, kwa sababu miguu inakwenda jozi, na jozi hizo ni za mshazari: nyuma kushoto pamoja na mbele kulia, kisha nyuma kulia pamoja na mbele kushoto. Kati ya jozi na jozi mnyama huwa hewani kidogo. Ule mrusho ndio unaomfanya mpandaji ainuke na kuketi, kuinuka na kuketi, kwa kufuata mdundo. Na ndiyo sababu neno "mchakamchaka" linakaa hapa barabara: askari au wanafunzi wakienda mchakamchaka asubuhi, mdundo wao ni kushoto, kulia, kushoto, kulia, viwili tu. Mwenzako alilifikiria neno zuri, ila alilipeleka nyumba ya jirani.

Shoti ndogo ni "fa-ra-si", kisha kimya. "Fa-ra-si", kimya. Hebu tuikague kwa karibu, kwa farasi anayezunguka kuelekea kulia. Kishindo cha kwanza ni mguu wa nyuma wa kushoto, peke yake, ukisukuma mwili mzima juu na mbele. Cha pili ni miguu miwili kwa mpigo, nyuma kulia na mbele kushoto. Cha tatu ni mguu wa mbele wa kulia, peke yake, ukinyooka mbele kuliko wenzake na kuubeba mwili mzima unapopita juu yake. Kisha kimya: kwato zote nne ziko hewani, zimekusanyika chini ya tumbo, kabla ya mguu wa nyuma wa kushoto kuanza tena. Angalia pia mkazo. Sisi hutamka fa-RA-si, tukikaza silabi ya katikati, na kishindo cha katikati ndicho chenye miguu miwili. Neno letu la mnyama huyu limebeba mdundo wa canter bila mtu yeyote kulipangia.

Kwa mpandaji, mwendo huu hubembeleza. Nyuma inashuka, mbele inainuka, kisha mbele inashuka na nyuma inainuka, kama kiti cha kubembea. Ndiyo maana waandishi wa riwaya za Kiingereza hupenda kuandika kwamba farasi "anabembea". Ukiona sifa hiyo, mwendo unaosemwa ni huu.

Shoti kali ni "ku-ki-mbi-a", kisha kimya. Ile jozi ya katikati imepasuka: mguu wa nyuma unatangulia kugusa, wa mbele unafuata nukta ndogo baadaye, na vishindo vinakuwa vinne. Hatua ni ndefu zaidi na mgongo umenyooka. Kwa hiyo "kukimbia" ulikoandika kila mahali kuna mwendo wake halali, nao ni huu wa mwisho.

Kuhusu ule ukimya wa kwato nne hewani, kuna jambo la kukusaidia ukikutana na picha au maelezo ya kishairi. Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walimchora farasi wa mbio akiwa hewani na miguu imenyooshwa, miwili mbele na miwili nyuma. Mwaka 1878 huko California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera kando ya njia na kuonyesha kwamba farasi wa shoti huwa hewani miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Basi usimpambie msomaji wako kwa kumwandikia farasi "aliyenyoosha miguu yote angani". Mwandishi wa asili hakusema hivyo, na farasi hafanyi hivyo.

Asili ya neno lenyewe haina mzunguko mrefu. Thomas Becket, askofu mkuu, aliuawa ndani ya kanisa kuu la Canterbury mwaka 1170, na kaburi lake likawa mahali pa hija kwa karne kadhaa. Waingereza wakauita mwendo mwepesi wa farasi, uliohusishwa na mahujaji wale, "shoti ya Canterbury". Jina likafupishwa, mji ukabaki kipande tu, na kufikia karne ya 18 watu wakawa wanasema canter bila kuukumbuka mji. Hiyo ina maana kwamba hata wao walianza na neno la shoti, wakaliongezea sifa, kisha wakaiacha sifa ikasimama peke yake.

Nalo hilo linaniingiza kwenye uteuzi wa neno. Wako watakaokwambia kwamba Kiswahili hakina neno la canter kwa kuwa kina "shoti" moja tu kwa mbio zote za farasi. Usikubali kuonewa na hoja hiyo. Kifaransa kina "galop" kwa mwendo wote wa jamii hii, na kinachotofautisha ni sifa: "petit galop", yaani galop ndogo. Kijerumani kina "Galopp", Kihispania "galope". Watu hao wamefuga farasi kwa maelfu ya miaka na wanaelewana. Kiingereza ndicho kilichojitenga kwa kuwa na majina mawili. "Shoti ndogo" na "shoti kali" ni utaratibu ule ule wa lugha nyingi, na ni wa kibayolojia pia, kwa sababu shoti hizi mbili ni ndugu: zote zina nukta ya hewani baada ya mguu wa mbele wa mwisho, na katika zote mbili farasi huvuta na kutoa pumzi mara moja kwa kila hatua, kifua kikifuata miguu.

"Shoti", hata hivyo, ina walioishika jina. Kwa wengi leo shoti ni hitilafu ya umeme, nyaya zimegusana. Na kwa mwenye duka, shoti ni fedha zilizopungua kwenye hesabu ya jioni. Tiba yake ni kitenzi. Umeme hupiga shoti na mtu hupigwa shoti, lakini farasi huenda shoti. Ukiandika "farasi alipiga shoti", msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuona waya. Ukiandika "farasi alikwenda shoti" au "aliingia shoti ndogo", maana inasimama yenyewe. Shika hilo katika kitabu chote.

"Mwendo wa kasi kidogo" ni maelezo ya kamusi, na kamusi ina haki ya kueleza. Wewe unahitaji jina, kitu unachoweza kukiongezea sifa na kukitaja mara mia bila kuchoka. Tena nimekwisha kukuonyesha kwamba kasi si kipimo.

"Matiti" utalikuta kwenye kamusi za zamani: kwenda matiti, mwendo wa matiti, kwa maana ya trot. Ni neno halali la farasi na punda. Lakini leo msomaji kijana akiliona kwenye mwongozo atasimama kusoma na kuanza kucheka, na mwalimu wa kike atakayelisoma mbele ya wanafunzi wake ataona aibu isiyo na sababu. Kama unatafsiri maandishi ya kale na unataka ladha yake, andika "mwendo wa matiti" kwa ukamilifu, usiandike "matiti" pekee. Kwa mwongozo, mchakamchaka unatosha.

"Telki" ni neno ninalolipenda, na ningesikitika likipotea. Ni mwendo wa punda wa hatua fupi za haraka zisizorusha, ambao mzee anaweza kuukalia kutoka shamba mpaka mjini bila kuumwa mgongo. Pwani yetu ilijua punda kuliko farasi, na si kwa bahati: ndorobo wanaoleta ugonjwa wa nagana, pamoja na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, viliwafanya farasi wawe wachache na wa gharama, wakati punda wa Lamu aliendelea kubeba mawe na maji. Ndiyo maana msamiati wa punda kwetu ni mpana. Lakini telki si canter. Ihifadhi kwa neno la Kiingereza "amble", au kwa farasi wa mwendo laini wasiorusha.

"Kanta", yaani kulikopa neno lenyewe, ni chaguo la kufikiriwa kwa uzito. Wahudumu wengi wanaofanya kazi na wakufunzi wanaozungumza Kiingereza tayari wanasema kanta mdomoni. Tatizo ni lori. Mitsubishi ilianza kuuza lori lake dogo la Canter mwaka 1963, na Afrika Mashariki jina hilo limekuwa la aina nzima ya lori jepesi, la kubebea mchanga, vitunguu au fanicha za anayehama. Kijana wako hakukosea kudhani hivyo. Ndani ya zizi, "mpeleke kanta" haimchanganyi mtu. Kwenye karatasi, sentensi kama "usishuke kabla kanta haijasimama" ina shida. Ushauri wangu: shoti ndogo iwe istilahi ya kitabu, na kwenye maelezo ya mwanzo useme kwamba wakufunzi wengi huiita kanta. Basi.

Sasa tuingie ndani ya mwongozo, mahali ambapo tafsiri mbaya inaweza kumwangusha mtu. Sehemu ya kumwingiza farasi kwenye shoti ndogo kutoka kwenye mchakamchaka ndiyo hatari zaidi. Mtafsiri anayefikiri kwa kasi ataandika: "Ongeza kasi mpaka farasi aanze kukimbia." Mwanafunzi atatii. Atamchapuza farasi, mchakamchaka utakuwa wa haraka na mrusho mkubwa zaidi, mwanafunzi ataruka juu ya tandiko, atazivuta hatamu ili asianguke, lijamu litamuuma farasi mdomoni, na mnyama akichoka na fujo hiyo ataangukia kwenye shoti bila mpangilio, mara nyingi kwa upande usiofaa. Kosa lilianzia kwenye neno "ongeza".

Shoti ndogo hupatikana kwa kubadili mpangilio wa miguu, na farasi anabadili vizuri akiwa ametulia. Kwa hiyo sentensi yako iwe na mambo haya kwa zamu yake: tuliza mchakamchaka, fupisha hatua, acha kuinuka, kaa tandikoni, mguu wako wa upande wa ndani wa duara ubaki kwenye mkanda wa tandiko, wa upande wa nje uusogeze nyuma kidogo na kubana, mikono ifuate shingo, isivute. Ule mguu wa nje unabana nyuma kwa sababu ndipo ulipo mguu wa farasi utakaotoa kishindo cha kwanza. Ukimweleza mwanafunzi sababu hiyo kwa mstari mmoja, hatasahau.

Neno linalofuata kukutesa litakuwa "lead". Kiingereza kinasema farasi yuko kwenye mguu unaoongoza wa kulia au wa kushoto, na watafsiri wengi huandika "mguu unaoanza". Hilo ni kinyume kabisa cha kinachotokea. Mguu huo wa mbele ndio wa mwisho kugusa chini. Umeitwa kiongozi kwa sababu unafika mbele kuliko wenzake. Njia nyepesi ni kuacha uongozi na kusema "shoti ya kulia" na "shoti ya kushoto". Anayezunguka kulia anataka shoti ya kulia, ili mguu unaofika mbele uwe wa ndani na mwili usiyumbe kwenye kona. Akiwa na shoti ya kushoto huku anazunguka kulia bila kutaka, andika "amekosea upande". Akifanya hivyo kwa makusudi kama zoezi, iite "shoti ya kinyume". Mbele ikiwa ya kulia na nyuma ya kushoto, "shoti imevunjika", na mpandaji ataijua kwa jinsi tandiko linavyomtikisa kushoto na kulia badala ya kumbembeza. Na ile "flying change" inayowatisha watafsiri ni "kubadili upande hewani": farasi hugeuza mpangilio katika ule ukimya wa kwato nne, kisha anatua kwa upande mpya. Ukiuelewa ukimya ule, istilahi inakuja yenyewe.

Kama mwongozo wako una ukurasa wa mashindano, utakutana na sifa za canter zinazotumiwa katika kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lililoanzishwa mwaka 1921. Ningeziandika shoti ndogo iliyokusanywa, ya mazoezi, ya wastani, na iliyorefushwa. Kinachobadilika ni urefu wa hatua na umbo la mwili. Vishindo vinabaki vitatu na mdundo haupaswi kuharakishwa, kwa hiyo usiandike "ya haraka" mahali penye "iliyorefushwa". Hakimu anapunguza alama kwa kosa hilo hilo.

Nje ya farasi, waandishi wa mbuga hulitumia neno hili kwa nyumbu, na linawafaa: kundi la nyumbu Serengeti likisogea bila hofu, mabega yakipanda na kushuka, ndiyo shoti ndogo hasa. Twiga ni jambo jingine. Yeye hana mchakamchaka. Hutoka kutembea moja kwa moja akaingia shoti, na ukimwandikia "trot" kwa kufuata maandishi ya mtu asiyejua, umelirithi kosa lake.

Maana za mafumbo ni chache. "To win at a canter" ilitoka kwenye mbio: farasi aliyewaacha wenzake mbali humaliza kwa shoti ndogo bila kusukumwa. Kwa Kiswahili, alishinda kirahisi, alishinda bila jasho, au waliwafunga kama wanavyotaka, kutegemea sauti ya habari. "Preliminary canter" kwenye hotuba au mtihani ni kupasha misuli. Mtu "akicanter" kwenye ripoti, ameipitia haraka haraka bila kuhangaika. Jihadhari na wanaofanana nalo: "cantor" ni mwimbishaji wa ibada, na "decanter" ni chombo cha kumiminia mvinyo. Na ukikuta "gallop" kwenye maandishi ya daktari wa moyo, hapo ni sauti ya ziada katika mapigo ya moyo. Usiitafsiri kwa kubahatisha. Mpelekee daktari au muuguzi mwenye uzoefu wa moyo asome sentensi yako.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. Kabla ya kukabidhi kazi, nenda mwenyewe kwenye kituo chenye farasi. Mwombe mkufunzi amzungushe farasi mmoja kwa kamba ndefu, dakika mbili kila upande, kwenye mchakamchaka kisha shoti ndogo. Simama nje ya uzio, fumba macho, na useme "punda" na "farasi" kimoyomoyo mpaka usikie ni wapi neno moja linaliachia lingine. Kisha fumbua macho umtafute mguu wa nyuma wa nje unaoanza hatua. Baada ya hapo wasomee rasimu wahudumu wenyewe, wale masaisi wanaoamka alfajiri kuwalisha na kuwapiga brashi, usimsomee meneja peke yake. Angalia wanaposita. Wakikupa neno lao la zizini, liandike na tarehe, hata kama hutalitumia. Na ikiwa kazi hiyo ina fomu ya kukubali hatari ambayo mgeni hutia saini kabla ya kupanda, hiyo isitoke bila kupitiwa na mwanasheria, maana "atapanda kwa kutembea na mchakamchaka tu" na "atapanda kwa mwendo wowote" zina uzito tofauti siku mtu akivunjika mkono.

Limebaki moja, la amri za sauti. Farasi wengi hufunzwa kuitikia neno, na kwao neno ni sauti tu: idadi ya silabi, kupanda na kushuka kwake. Aliyefunzwa kuingia shoti akisikia "kan-TA", sauti ikipanda mwishoni, hatakuelewa ukimwambia "shoti ndogo". Kwa hiyo kwenye ukurasa wa amri usitafsiri. Andika amri kama mnyama anavyoisikia, pamoja na mahali sauti inapopanda, na maelezo yake kwa Kiswahili pembeni. Kama kituo kinataka kuhamia amri za Kiswahili, wakubaliane wote siku moja, wafundishe upya, na wasichague "shoti" kuwa amri: inaanza na sauti ile ile ya "shii" ambayo wahudumu wengi huitumia kumtuliza farasi, na mnyama atasikia tulia na ondoka katika pumzi moja.